Je, Wajua? Juni 3 na Vijana wa Namugongo

Kila ifikapo Juni 3, Uganda hupumzika. Ofisi za serikali hufungwa, na barabara ziendazo Namugongo, nje kidogo ya Kampala, hujaa watu tangu siku kadhaa kabla. Mtaani kwetu jumuiya yetu ndogo ndogo inaitwa Mtakatifu Karoli Lwanga, kwa hiyo kwetu siku hii ni sikukuu ya somo wetu pia. Kadiri ninavyosoma habari zake ndivyo ninavyozidi kuipenda, na sababu yangu ni moja: karibu kila jambo kubwa ndani yake lilifanywa na vijana. Tuanze.

SIKU YENYEWE

1. Je, wajua kwamba mataifa mengi huadhimisha mtakatifu aliyetoka kwingine? Ireland humsherehekea Patrick kila Machi 17, naye alizaliwa Uingereza na kufikishwa Ireland kama mateka. Scotland humkumbuka Mtume Andrea kila Novemba 30, mvuvi wa Galilaya. Watakatifu wa Juni 3 ni wa huko huko Uganda: walikula matoke, waliongea Kiluganda, na walikufa mahali ambapo jamaa zao wangeweza kufika kwa miguu.

2. Je, wajua kwamba mashahidi wanaotajwa kwa majina ni 45? Wakatoliki ni 22 na Waanglikana ni 23. Waliuawa kati ya Januari 1885 na Januari 1887, katika enzi ya Kabaka Mwanga wa Pili wa Buganda. Lwanga ndiye anayetajwa kwanza kwenye kalenda, lakini sikukuu ni ya wote.

3. Je, wajua kwamba Namugongo ina maeneo mawili makubwa ya hija? Wakatoliki wana lao na Waanglikana wana lao, si mbali moja na jingine. Siku ile ile, saa zile zile, nyimbo zinapanda kutoka pande zote mbili.

KABLA YA MOTO

4. Je, wajua kwamba mmoja wa walimu wa kwanza wa Biblia katika ikulu ya Buganda alikuwa kijana aliyelelewa Unguja? Anaitwa Dallington Maftaa. Alikuwa mtumwa aliyekombolewa, akasomeshwa na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, kisha akafika Buganda mwaka 1875 katika msafara wa Henry Morton Stanley. Stanley aliendelea na safari. Dallington akabaki kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza, akimsomea na kumwandikia barua. Vitabu vingi humtaja kwa mstari mmoja na kupita. Mimi namweka mwanzoni kabisa mwa simulizi hii.

5. Je, wajua kwamba barua ya Stanley ya kuwaalika wamisionari Buganda ilitoka katika gazeti la Daily Telegraph la London tarehe 15 Novemba 1875? Miaka kumi baadaye, tarehe 15 Novemba 1885, shahidi wa kwanza Mkatoliki alikatwa kichwa. Kati ya tarehe hizo mbili kanisa zima lilikuwa limezaliwa.

6. Je, wajua kwamba mlango wa Injili kuelekea Buganda ulikuwa pwani yetu? Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika ikulu Juni 1877, baada ya safari ya kutoka pwani hadi kusini mwa Ziwa Victoria na kuvuka maji. Wamisionari wa Afrika, maarufu kama White Fathers, walipitia Bagamoyo mwaka 1878. Padri Siméon Lourdel na Bruda Amans walitia nanga Kigungu, karibu na Entebbe, tarehe 17 Februari 1879.

7. Je, wajua kwamba Kiswahili kilikuwa lugha ya mafundisho ya mwanzo? Wageni walifika wakiwa na Kiswahili walichojifunza njiani, na ikulu ilikuwa na watu wanaokielewa kwa sababu ya biashara na pwani. Vijana wa ikulu walisoma Injili za Kiswahili kabla hawajapata za Kiluganda. Baadaye Alexander Mackay, fundi na mmisionari wa CMS, alichapa sehemu za Maandiko kwa Kiluganda kwa mashine aliyoendesha mwenyewe. Nikifikiria kijana wa Kiganda akifuatisha kwa kidole mstari wa Kiswahili, nahisi yule ni mwanafunzi mwenzangu.

8. Je, wajua kwamba Namugongo ilinywa damu ya Waislamu kwanza? Mutesa alikuwa amefunga Ramadhani kwa miaka kadhaa na kuusimamia Uislamu ikuluni, lakini hakutahiriwa. Vijana wa Kiislamu walipokataa kula nyama iliyochinjwa na wachinjaji wake wasiotahiriwa, aliona wamemvunjia heshima. Mwaka 1876 makumi yao waliuawa, wengi wakiwa hapo Namugongo. Leo kuna msikiti na kumbukumbu yao. Nao pia walikuwa vijana, nao pia walimwambia mfalme kwamba yuko aliye juu yake. Juni 3 ninawaombea dua wao pia.

9. Je, wajua kwamba kwa karibu miaka mitatu Wakatoliki wa Buganda walikaa bila padri hata mmoja? Novemba 1882 White Fathers waliondoka kwa kuhofia usalama wao, wakavuka ziwa hadi Bukumbi, karibu na Mwanza. Walirudi Julai 1885 wakitarajia kuokota mabaki. Walikuta waumini wameongezeka. Waliobatizwa walikuwa wamewafundisha wenzao sala na katekisimu, wamewatunza wagonjwa, wamewakomboa watumwa kwa mali zao. Hakuna aliyewatuma. Kwangu hili ndilo tukio kubwa kuliko yote katika simulizi nzima, kwa sababu kila kilichofuata kilitokana nalo. Watu waliojijenga wenyewe kwa miaka mitatu hawakuwa na imani ya kuazima.

MFALME KIJANA

10. Je, wajua kwamba Mwanga naye alikuwa kijana? Alirithi kiti Oktoba 1884, akiwa na umri wa miaka kama 16 hadi 18. Alizungukwa na wafanyabiashara wa pwani, wamisionari wa madhehebu mawili yaliyoshindana, machifu wenye wivu, na habari za Wajerumani kunyakua ardhi karibu na bahari. Hofu yake ilikuwa na sababu. Aliyoyafanya kwa hofu hiyo hayana utetezi.

11. Je, wajua kwamba mashahidi watatu wa kwanza walikuwa Waanglikana? Ni Marko Kakumba, Nuhu Serwanga na Yusufu Lugalama. Walikamatwa wakiwa safarini na Mackay kuelekea ziwani, wakauawa Busega tarehe 31 Januari 1885. Yusufu alikuwa mtoto. Wakati huo Mwanga hakuwa ametimiza hata miezi minne kitini.

12. Je, wajua kwamba Askofu Mwanglikana James Hannington aliuawa kwa sababu ya njia aliyopita kuelekea Buganda? Badala ya kuzunguka kusini mwa ziwa, alitoka Rabai, Mombasa, Julai 1885, akakata nchi ya Wamasai na kuingia Busoga kutoka mashariki. Buganda iliamini kwamba atakayeiteka nchi angetokea upande huo. Alishikwa, akafungiwa siku nane, akauawa tarehe 29 Oktoba 1885.

13. Je, wajua kwamba hakufa peke yake? Wapagazi wake wapatao 50 waliuawa pamoja naye. Wachache tu waliponyoka. Walikuwa watu wa msafara wa pwani, wanaume waliobeba mizigo ya askofu kichwani kwa mamia ya kilomita kwa ujira. Hakuna orodha yao kanisani. Kila ninapoinuka kuimba litania ya watakatifu, huwaingiza moyoni mwishoni.

14. Je, wajua ni nani aliyepeleka habari hizo Mombasa? Ni William Jones, Mwafrika, mtumwa wa zamani aliyekombolewa na kupewa daraja la ushemasi. Hannington alikuwa amemwacha Kwa Sundu, mahali tunapopaita leo Mumias, pamoja na sehemu ya msafara. Alisubiri, akapokea habari za kifo, kisha akawaongoza watu wake kurudi Rabai, wakaingia Februari 1886 wakiwa na bendera ya buluu iliyoandikwa Ikabodi, jina la mtoto aliyezaliwa siku ya msiba katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli.

15. Je, wajua kwamba shahidi wa kwanza Mkatoliki aliuawa kwa kumtetea Mwanglikana? Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa msimamizi mkuu wa nyumba ya mfalme, mtu aliyeweza kumwona Mwanga wakati wowote. Alimkemea kwa kumuua Hannington bila kumpa nafasi ya kujitetea. Pia alikuwa akiwakinga watumishi wadogo wasitumiwe na mfalme kwa matamanio yake. Alikatwa kichwa Nakivubo tarehe 15 Novemba 1885. Wakati ule Wakatoliki na Waprotestanti walibishana hadharani mbele ya mfalme kila walipopata nafasi. Yosefu alilipita hilo kwa hatua moja.

16. Je, wajua Karoli Lwanga alifanya nini baada ya kifo hicho? Alikuwa bado mkatekumeni. Alikwenda misheni akiwa na wenzake wengine, wakaomba ubatizo papo hapo. Kisha akarudi kazini ikuluni na kuchukua nafasi ya Yosefu katika kuwalinda vijana, akijua vizuri nafasi hiyo imemfikisha wapi aliyemtangulia. Alikuwa na umri wa miaka kama 25.

MAJINA NA KAZI ZAO

17. Je, wajua kwamba Kizito, mdogo kuliko Wakatoliki wote 22, alikuwa na miaka kama 14? Alikuwa akiomba ubatizo mara kwa mara na mapadri wakimwambia asubiri. Usiku wa kuamkia hukumu ya mfalme, huko Munyonyo, Mei 1886, Lwanga alimbatiza mwenyewe pamoja na Mbaga Tuzinde, Gyavira na Mugagga. Asubuhi wakaitwa mbele ya mfalme.

18. Je, wajua kwamba kulikuwa na mwanamuziki? Andrea Kaggwa, mzaliwa wa Bunyoro, alikuwa mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, tena rafiki yake. Nyumba yake Munyonyo ilikuwa darasa. Katikiro, yaani waziri mkuu wa Kabaka, alidai kwamba hatakula chakula cha jioni mpaka aletewe mkono wa Kaggwa. Uliletwa tarehe 26 Mei 1886.

19. Je, wajua kwamba kulikuwa na mtu mzima aliyepitia dini tatu? Matia Mulumba alikuwa chifu wa makamo, mwenye asili ya Busoga. Alikuwa Mwislamu, akasoma kwa Waprotestanti, akaishia kubatizwa Mkatoliki, akitafuta ukweli hatua kwa hatua. Alikatwa viungo katika kilima cha Old Kampala na kuachwa peke yake. Alikaa siku kama tatu kabla ya kukata roho.

20. Je, wajua kwamba kulikuwa na mfinyanzi? Nowe Mawaggali alitengeneza vyungu kwa ajili ya wakuu huko Mityana. Aliuawa tarehe 31 Mei 1886. Dada yake, Munaku, alijitokeza akataka afe naye. Hawakumuua. Aliishi miaka mingi akifundisha dini na kubaki bila kuolewa kwa ajili ya Mungu, na Kanisa Katoliki la Uganda linamkumbuka kama mama wa masista wa nchi ile. Orodha ya mashahidi 45 haina mwanamke hata mmoja, ndiyo maana jina la Munaku nalitaja kwa sauti.

21. Je, wajua kwamba kulikuwa na mhunzi? Nuhu Walukagga, Mwanglikana, alifua vyuma kwa ajili ya ikulu. Mpiga ngoma, mfinyanzi, mhunzi, mtunza ghala, mtumishi wa mlangoni: hawa ni watu wa kazi.

22. Je, wajua kwamba hawakuwa Waganda peke yao? Gonzaga Gonza alitoka Busoga. Anatoli Kiriggwajjo alitoka Bunyoro. Wengine waliingia ikuluni wakiwa watoto waliotekwa vitani na kukulia ugenini. Ndani ya kundi lile walipata ndugu.

23. Je, wajua kwamba Mbaga Tuzinde alilelewa katika nyumba ya Mukajanga, mkuu wa wauaji wa mfalme? Mukajanga alimsihi aseme tu kwamba ameacha kusali. Mbaga akakataa. Mwishowe mkuu wa wauaji akaamuru kijana apigwe shingoni kwanza, ili moto umkute ameshakufa. Mahali hapa huwa nasimama kidogo ninaposoma. Yule mzee naye alikuwa na moyo, na amri ilikuwa nzito kuliko moyo wake.

JUNI 3, 1886

24. Je, wajua kwamba Juni 3 ya mwaka ule ilikuwa Alhamisi, Sikukuu ya Kupaa Bwana? Hukumu ilitolewa Munyonyo mwishoni mwa Mei. Wafungwa wakapelekwa Namugongo kwa miguu, wamefungwa kamba, na baadhi yao wakauawa njiani. Ponsiano Ngondwe alichomwa mkuki Ttakajjunge. Gonza aliuawa kwa mkuki tarehe 27 Mei.

25. Je, wajua kwamba walisubiri karibu juma zima? Kuni zilikuwa zinakusanywa. Ni rahisi kusoma sentensi hiyo na kusonga mbele, lakini hebu tukae nayo. Vijana wamefungwa, wanasikia magogo yakishushwa, wanasali pamoja asubuhi na jioni, na kila mmoja wao angeweza kujiokoa kwa neno moja. Wakati ulipofika walizungushiwa mikeka ya matete, wakalazwa juu ya kuni, Wakatoliki na Waanglikana, wakisali kwa sauti.

26. Je, wajua kwamba Lwanga alitengwa na wenzake? Alichomwa peke yake kabla ya wao, moto ukianzia miguuni na kupandishwa polepole ili ateseke zaidi. Altare ya basilika ya leo imejengwa mahali hapo.

27. Je, wajua kwamba tunayajua haya kwa sababu ya vijana watatu walioachiwa dakika za mwisho? Denis Kamyuka, Simeoni Sebuta na Karoli Werabe walifikishwa Namugongo, wakawaona wenzao wakiungua, wakarudishwa gerezani wakiwa hai. Baadaye walitoa ushahidi wao mbele ya Kanisa. Tunawasifu waliokufa, na ni haki. Kuishi miaka baada ya hapo na kulisimulia jambo lile tena na tena bila kuongeza chumvi, nako kulihitaji ujasiri.

28. Je, wajua kwamba aliyefunga orodha ya Wakatoliki aliuawa peke yake? Yohane Maria Muzeeyi, aliyejulikana kwa kuwahudumia wagonjwa, alikatwa kichwa tarehe 27 Januari 1887 na mwili wake kutupwa kinamasi. Hakukuwa na umati wala nyimbo.

29. Je, wajua mwisho wa Mwanga? Alipopinduliwa mwaka 1888 alikimbilia kusini mwa ziwa, na hatimaye akapokewa Bukumbi, katika misheni ya mapadri wale wale. Wakristo wa Buganda walikuwa miongoni mwa waliomrudisha kitini. Baadaye aliasi dhidi ya Waingereza, akakamatwa mwaka 1899 pamoja na Kabalega wa Bunyoro, akapelekwa Seychelles. Huko alibatizwa kwa jina la Danieli, akafa mwaka 1903. Mwili wake ulirudishwa mwaka 1910 na kuzikwa Kasubi. Mimi ni mtu wa kanda ya ziwa, na naona fahari kwamba mlango alioubisha mfalme yule akiwa mkimbizi ulikuwa upande wetu, na kwamba ulifunguliwa.

BAADA YA MAJIVU

30. Je, wajua kwamba Papa Benedikto XV aliwatangaza Wakatoliki 22 kuwa wenye heri tarehe 6 Juni 1920? Mwaka 1934 Papa Pius XI alimweka Lwanga kuwa msimamizi wa vijana wa Kiafrika katika utume wa walei. Vijana wa parokia nyingi za Afrika Mashariki wanaandamana chini ya jina lake hadi leo.

31. Je, wajua kwamba uponyaji uliotumika katika kesi ya utakatifu wao ulihusu tauni? Mwaka 1941 masista wawili wamisionari waliokuwa wakiuguza watu Rubaga waliugua ugonjwa huo. Wenzao wakasali novena kwa mashahidi. Walipona.

32. Je, wajua kwamba walitangazwa watakatifu mbele ya maaskofu wa dunia nzima? Ilikuwa Roma, tarehe 18 Oktoba 1964, Mtaguso wa Pili wa Vatikani ukiendelea. Katika mahubiri yake Papa Paulo VI aliwataja pia Waanglikana waliokufa kwa ajili ya Kristo. Nchi nyingi za Afrika zilikuwa na uhuru wa miaka michache tu, na siku ile Waafrika weusi, wengi wao vijana, waliwekwa mbele ya dunia kama walimu wa imani.

33. Je, wajua kwamba Papa wa kwanza wa zama hizi kukanyaga Afrika alikwenda kwa ajili yao? Paulo VI alifika Uganda tarehe 31 Julai 1969. Kololo aliwaweka wakfu maaskofu 12, na Namugongo alisali pia mahali pa mashahidi Waanglikana. Papa Yohane Paulo II alifika mwaka 1993. Papa Fransisko alifika Novemba 2015, akaanzia kwa Waanglikana kabla ya kwenda kuadhimisha Misa kwa Wakatoliki.

34. Je, wajua kwamba basilika ya Namugongo ina nguzo 22, moja kwa kila shahidi Mkatoliki? Ilibuniwa na Justus Dahinden, msanifu wa Uswisi, kwa umbo la nyumba ya jadi ya Kiganda, na ilifunguliwa Juni 3, 1975. Mbele yake kuna ziwa dogo lililochimbwa, na altare ya Misa kuu iko katikati ya maji. Ibada ya kila mwaka huandaliwa na jimbo moja la Uganda kwa zamu.

35. Je, wajua kwamba wengi hufika kwa miguu? Wapo wanaotoka magharibi na kaskazini mwa Uganda, wapo wa Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo, na baadhi yao hutembea kwa majuma. Mwaka niliokwenda, sisi wa basi letu tulipitia Mutukula na kufika tumechoka kwa kukaa. Kando ya njia nilimkuta mama mmoja ameweka beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akimwita kila aliyechechemea. Alikuja kijana mwenye malengelenge yaliyopasuka nyayo zote mbili, kandambili zake zimefungwa kwa kipande cha kitenge ili zisimtoke. Mama hakumuuliza dhehebu lake wala atokako. Alimwosha, akamfuta, akampaka mafuta, akamwambia, "Haya mwanangu, umefika." Kisha akamwaga maji na kujaza mengine kwa ajili ya anayefuata. Wengine walikuwa wakiteka maji ya hija katika madumu ya lita tano kuwapelekea wagonjwa nyumbani. Nami nilibeba la mama yangu mkubwa.

36. Je, wajua kwamba Watanzania wana ombi lao maalumu Namugongo? Mchakato wa kumtangaza Mwalimu Julius Nyerere kuwa mwenye heri ulianzia katika Jimbo la Musoma. Siku chache kabla ya Juni 3, mahujaji kutoka Tanzania, wakiwemo watu wa familia yake, wamekuwa wakikusanyika hapo kumwombea.

37. Je, wajua kwamba miaka 100 ya kutangazwa wenye heri iliangukia wakati wa korona? Juni 2020 mahujaji walizuiwa, ibada ikafanywa na watu wachache, na waumini wakaifuatilia kwa redio na televisheni. Umati ulirudi mwaka 2022.

38. Je, wajua kwamba mashahidi wa Uganda hawakuishia karne ya 19? Daudi Okelo na Jildo Irwa, makatekista vijana wa Paimol kaskazini mwa nchi, waliuawa Oktoba 1918 na kutangazwa wenye heri mwaka 2002. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Kianglikana la Uganda aliuawa Februari 16, 1977, chini ya Idi Amin. Siku hiyo sasa ni sikukuu ya kitaifa, na sanamu yake iko juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey, London. Kalenda ya Kanisa la Uingereza huwakumbuka Juni 3 mashahidi wa miaka ya 1885 hadi 1887 pamoja na wa mwaka 1977.

NENO KWA MSOMAJI

Mmoja wa walimu wa kwanza ikuluni alikuwa kijana aliyelelewa Unguja. Waliolishika kanisa mapadri walipoondoka walikuwa watumishi na mafundi, wengi wao chini ya miaka 30. Aliyembatiza Kizito alikuwa kijana mwenzake. Walioleta ushahidi walikuwa vijana. Tukiyaweka yote pamoja, Juni 3 inatudai jambo moja sisi tulio wazazi, makatekista, wenyeviti wa jumuiya na viongozi wa dini yoyote: tuwakabidhi vijana kazi yenye uzito.

Parokiani kwetu nimeona vijana wakipewa kupanga viti na kubeba spika, kisha tunawalaumu kwamba hawajitumi. Lwanga hakupewa viti. Alipewa maisha ya watu kuyalinda, naye akayalinda. Kwa hiyo Juni 3 ijayo, kabla ya nyimbo na pilau, fanyeni haya matatu. Someni majina yote 45 kwa sauti, ya Wakatoliki na ya Waanglikana, na muwataje Waislamu wa 1876 na wapagazi wa Hannington. Mpeni kijana nafasi ya kuieleza siku hii kwa wakubwa, ajiandae mwenyewe. Kisha mwachieni jukumu moja la kweli kwa mwaka mzima: mfuko wa wagonjwa, darasa la watoto, au hesabu za jumuiya. Msimsimamie kila hatua. Mwaka ukiisha, mwacheni awaeleze amefanya nini.